Si kila homa ni taifodi

UKISHUKA kutoka barabara ya Juja kuingia Mathare, iwe ni upande wa Mlango Kubwa, Mabatini au Mashimoni, utaviona vibao vya maduka ya dawa na vya maabara ndogo ndogo kila baada ya hatua chache. Vingi vimeandikwa kwa mkono, rangi nyekundu juu ya mabati meupe: malaria, taifodi, mkojo, choo, mimba. Mgonjwa huingia na homa yake, akadungwa kidole, akasubiri kwenye benchi kwa dakika chache, kisha akatoka na karatasi pamoja na bahasha ya tembe. Karatasi ile aghalabu huwa na maneno mawili ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anayafahamu: malaria na taifodi, zote kwa mpigo.

Hebu leo, msomaji, tuishike karatasi hiyo mkononi na kuiuliza swali moja tu. Aliyeandika jina hilo amelijuaje? Kijidudu hakina kipande. Hakibishi hodi na kujitambulisha kuwa mimi ni fulani wa ukoo fulani.

Na jina hilo si pambo. Dawa inayokiua kimelea cha malaria haimgusi bakteria wa taifodi hata kidogo. Dawa ya bakteria nayo haifanyi lolote kwa virusi, kwa mfano vile vya mafua. Jina likikosewa, mgonjwa atameza dawa isiyomfaa, pesa za unga zitakwisha, na adui halisi atabaki ndani akiendelea na kazi yake. Isitoshe, Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, na baridi yake haiwafai mbu wa malaria. Wengi wanaopatikana na ugonjwa huo jijini huwa wametoka safari ya magharibi ya nchi au Pwani. Basi ile malaria ya kila homa, kwa mtu ambaye hajavuka Thika Road mwaka mzima, yafaa kutiliwa shaka tangu mwanzo. Lakini tuiache kando. Shabaha yetu leo ni taifodi, au homa ya matumbo kama wazee wanavyoiita.

Tuanze na umbo la mshukiwa. Bakteria wa taifodi ni kijiti chenye urefu wa sehemu mbili au tatu za elfu za milimita. Wakijipanga mia nne hivi, mmoja nyuma ya mwenzake, ndipo watakapojaza milimita moja, ile nafasi ndogo kabisa kwenye rula ya mwanafunzi. Mtu wa kwanza kueleza viumbe wadogo kiasi hicho alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa wa Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, aliyejitengenezea lenzi zake mwenyewe na kuandika barua kuhusu aliyoyaona majini mnamo 1676. Lakini kuona si kujua. Karibu miaka mia moja baadaye, Carl Linnaeus wa Uswidi, yule aliyeeneza desturi ya kuwapa wanyama na mimea majina mawili mawili ya Kilatini, alipowafikia viumbe hawa alishindwa kuwapambanua. Katika kitabu chake cha 1767 alivikusanya vijidudu vingi chini ya jina moja: Chaos. Yaani vurugu.

Waliosoma biolojia chini ya mfumo wa 8-4-4 watakumbuka falme tano walizokariri: Monera, Protoctista, Fungi, Plantae na Animalia. Bakteria waliwekwa Monera, nao mwalimu akapita haraka kwenda kwenye panzi na maua. Mpango huo wa falme tano ulitolewa na Mmarekani Robert Whittaker mnamo 1969, na haukukaa sana kabla ya kutikiswa. Mnamo 1977, Carl Woese na mwenzake George Fox walilinganisha chembe za urithi za vijidudu na kugundua kwamba baadhi ya waliodhaniwa kuwa bakteria ni jamii nyingine kabisa, ambayo siku hizi inaitwa akea. Ndani ya ule ufalme uliopitwa kwa haraka darasani mlikuwa na tofauti kubwa kuliko ile iliyopo kati ya panzi na ua lake.

Turudi bondeni. Tuseme mtoto wa miaka sita ana homa iliyopanda polepole kwa siku tano, kichwa kinamuuma, tumbo halimkai sawa. Mama yake amempeleka mahali penye maabara kamili, na daktari ameagiza damu ioteshwe. Kuotesha ni neno la shambani, na kazi yenyewe haiko mbali na kilimo.

Damu hutolewa mshipani kwa sindano safi, si kidoleni, na kutiwa ndani ya chupa yenye supu maalumu ya kulisha bakteria. Chupa huwekwa mahali penye joto la nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu. Bakteria wakiwamo, hata kama ni wachache tu, watakula na kuzaana hadi waonekane. Hapo mtaalamu huchukua tone, hulikausha juu ya kioo na kulipaka rangi kwa njia iliyovumbuliwa na daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, akiwa mjini Berlin mnamo 1884.

Njia ya Gram ni rahisi, na bado haijapata mpinzani kwa wepesi wake. Unapaka rangi ya zambarau, unaikaza kwa madini ya iodini, kisha unasuuza kwa spiriti. Bakteria wenye ukuta mnene huishikilia ile zambarau. Wenye ukuta mwembamba hupoteza rangi, na wakipakwa rangi ya pili hugeuka waridi. Kwa dakika chache tu ulimwengu mzima wa bakteria umegawanyika makundi mawili makubwa, na daktari tayari anaweza kujua ni dawa za aina gani zina nafasi ya kufanya kazi.

Vijiti vya taifodi huwa vya waridi. Je, tumemkamata? Hata kidogo. Bakteria anayeitwa E. coli, ambaye kila mmoja wetu anaishi naye tumboni, ni kijiti cha waridi vilevile. Shigella, anayeleta kuhara damu, ni kijiti cha waridi. Ukiwapanga mbele ya hadubini huwezi kuwatofautisha, kama vile usivyoweza kuwatambua kwa sare wanafunzi wa shule moja wakiwa wamekupa mgongo.

Kwa hivyo maabara huacha kuwatazama sura na kuanza kuwatazama tabia. Wanapandwa kwenye kisahani chenye agaa, ute mgumu utokanao na mwani wa baharini. (Wazo la kutumia agaa lilitoka kwa mama mmoja, Fanny Hesse, aliyekuwa akiitumia jikoni kwake kugandisha vyakula, mumewe alifanya kazi katika maabara ya Robert Koch. Haya ndiyo mambo ambayo vitabu vya shule huyasahau.) Agaa hiyo imetiwa sukari ya maziwa na rangi. E. coli anaipenda sukari hiyo, akiila anatoa asidi na vituta vyake vinageuka vyekundu. Bakteria wa taifodi haigusi, kwa hivyo vituta vyake hubaki vyeupe vyeupe. Kisha hupewa sukari nyingine: je, anatoa gesi? Wa taifodi hatoi, ingawa ndugu zake wengi hutoa. Anatoa ile hewa inayonuka yai viza? Kidogo sana. Je, anaogelea? Ndiyo, ilhali Shigella hana mikia ya kuogelea. Jibu moja halitoshi kumtia hatiani. Majibu yote yakikaa pamoja ndipo jina linapoanza kujitokeza, na jina hilo ni Salmonella.

Ukoo huu ulipewa jina la Mmarekani Daniel Salmon, daktari wa mifugo, na ni ukoo mkubwa ajabu. Wataalamu wameshahesabu aina zaidi ya 2,500. Hutofautishwa kwa maumbile ya ngozi yao na ya mikia yao: mtaalamu huchanganya bakteria na matone yenye kingamwili zinazojulikana, akaangalia ni tone gani linawafanya wagande kama maziwa mabovu. Aina nyingi zimepewa majina ya mahali zilikotambuliwa mara ya kwanza, na hapa Afrika Mashariki na Kati hatukusahauliwa. Kuna Salmonella Zanzibar. Kuna Salmonella Uganda. Kongo imetoa Salmonella Kisangani na Salmonella Mbandaka. Kuna Salmonella Daressalaam pia, na kutokana na jina hilo kundi zima la ukoo huu likaitwa salamae. Sina hakika kama baraza la mji lingependa heshima hiyo iandikwe langoni.

Yule wa homa ya matumbo anaitwa Salmonella Typhi. Ndugu zake wengi huishi ndani ya kuku, ng'ombe na mijusi, lakini Typhi anaishi ndani ya binadamu peke yake. Hutoka kwa choo cha mtu na kuingia kwa kinywa cha mtu, akipitia maji au chakula. Katika mtaa ambao mabomba ya plastiki hupitishwa ndani ya mtaro wa maji machafu, bomba likipasuka na maji yakikatika kwa saa kadhaa, uchafu huvutwa ndani. Yakirudi, mtungi wa kwanza ndio unaoupokea. Na mto ukifurika, kama Mathare ilivyoshuhudia Aprili 2024, hakuna tena mpaka kati ya choo na kisima.

Shughuli hiyo yote ya kuotesha, kupaka rangi, kuonjesha sukari na kugandisha huchukua siku mbili, tatu, wakati mwingine hata tano au zaidi. Mwishoni mtaalamu hupanga vijikaratasi vyenye dawa mbalimbali juu ya kisahani ili aone ni dawa ipi inayowafanya bakteria wakimbie na kuacha duara tupu. Hapo daktari ana vitu viwili: jina na silaha.

Sasa linganisha na ile karatasi ya dakika kumi.

Kipimo kinachotumika kwenye vibanda vingi kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa Georges-Fernand Widal aliyekieleza mnamo 1896. Tone la damu huchanganywa na dawa ya bluu, jingine na dawa nyekundu, na mtu huangalia kama zinaganda. Kipimo hiki hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewaunda kupigana naye. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa maana askari hao hubaki kambini kwa miezi mingi baada ya vita kwisha. Mtu aliyeugua mwaka jana na akapona, au aliyekunywa maji machafu na mwili ukashinda bila yeye kujua, atapimwa leo akiwa na mafua na kuambiwa ana taifodi. Katika mtaa kama Mathare watu wa namna hiyo ni wengi.

Tatizo la pili ni undugu. Salmonella Enteritidis, ambaye si wa taifodi, amevaa ngozi inayofanana na ya Typhi kwa alama ile ile ambayo Widal huitafuta. Askari walioundwa kwa ajili ya mmoja watamshika mwingine. Hata malaria na maradhi mengine ya homa huweza kuwatibua askari hao. Upande wa pili nao una hatari yake: mgonjwa wa taifodi ya kweli, akipimwa siku za mwanzo kabla ya mwili kuunda askari wa kutosha, huambiwa yu salama. Widal mwenyewe hana lawama. Kipimo chake kikitumika ipasavyo, damu hupimwa mara mbili, siku kumi au kumi na nne zikiwa katikati, na nambari ilinganishwe kama imepanda mara nne au zaidi. Ni nani aliyewahi kuambiwa arudi kwa kipimo cha pili?

Nisieleweke vibaya. Taifodi iko, tena iko kwetu kuliko kwingineko. Utafiti uliochapishwa mnamo 2012, ambao damu zake zilioteshwa kikamilifu, ulipata visa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika sehemu ya Kibera, ilhali Lwak, mashambani Nyanza, vilikuwa 29 tu. Mathare si Kibera, lakini mitaro yao ni ya namna moja. Na taifodi isipotibiwa huweza kutoboa utumbo ifikapo juma la tatu. Tunasumbuliwa na makosa mawili kwa wakati mmoja: wasio nayo wanatibiwa, na baadhi ya walio nayo wanakosa kuonekana.

Gharama ya kosa la kwanza haimwishii aliyelikosa. Dawa ya kloramfenikoli ilianza kutumiwa kutibu taifodi mnamo 1948 na ikaonekana kama muujiza. Zikafuata ampisilini na Septrin. Kila bakteria anapokutana na dawa bila kufa, kwa kuwa dozi ilikatwa nusu au dawa haikuhitajika, wale sugu ndio wanaosalia kuzaana. Mnamo 2010, mtafiti Samuel Kariuki wa taasisi ya KEMRI pamoja na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba taifodi ya Kenya imetawaliwa na ukoo mmoja wa Typhi usiosikia dawa hizo tatu, na kwamba ukoo huo huo ndio ulioenea kusini mashariki mwa Asia. Waliutambua kwa kusoma chembe za urithi, nao unajulikana kwa jina H58. Hapa uainishaji umevuka rangi na sukari. Sasa unasoma nasaba, na nasaba inaonyesha kijidudu kimesafiri kutoka bara jingine hadi kwenye mtungi wa Eastlands.

Utafiti mwingine wa KEMRI, uliochapishwa mnamo 2021 kuhusu mtaa wa Mukuru, ulisoma nasaba za Typhi kutoka kwa wagonjwa na pia kutoka kwa choo cha watu wasio na dalili zozote. Watu hawa wa pili ndio wanaoitwa wabebaji. Bakteria hujificha kwenye kifuko cha nyongo, na mwenyewe hula, hulala na kufanya kazi kama kawaida. Mashuhuri kuliko wote ni Mary Mallon, mpishi wa New York aliyegunduliwa mnamo 1907, ambaye hadi kifo chake mnamo 1938 hakukubali kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwaambukiza waajiri wake. Mbebaji hajulikani kwa kumtazama usoni, wala kwa Widal. Hujulikana kwa kuotesha choo chake. Ndiyo sababu wapishi wa hoteli na vibanda vya chakula hutakiwa wakapimwe na kupata cheti cha afya. Anayenunua cheti hicho bila kupimwa anajua mwenyewe anawauzia nini wateja wake.

Basi ufanye nini homa ikibisha nyumbani? Homa ikizidi siku tatu, nenda kwenye kituo cha afya kabla ya kumeza chochote kilichobaki kabatini. Hili la kabla lina uzito. Hata ikifanywa vyema, njia ya kuotesha damu huwanasa wagonjwa sita hivi tu kati ya kila kumi wa taifodi, kwa kuwa bakteria damuni ni wachache. Tembe mbili ulizomeza jana zaweza kuwapunguza hadi wasionekane kabisa, na maabara ikaachwa gizani. Uliza waziwazi: hii ni Widal, au damu itaoteshwa? Kituo kidogo kikikosa uwezo huo, uliza unaweza kuelekezwa wapi. Hospitali kubwa kama Kenyatta zinayo maabara ya kazi hiyo. Daktari anaweza kuamua kukuanzishia dawa matokeo yakisubiriwa, na hapo hana kosa, mradi damu imeshatolewa. Lakini mgonjwa akichanganyikiwa, tumbo likawa gumu, au akatokwa na damu chooni, hakuna cha kusubiri karatasi. Ni hospitalini mara moja.

Kuna habari moja njema. Mnamo Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya taifodi, kwa kampeni ya nchi nzima iliyowalenga watoto wa kuanzia miezi tisa hadi miaka 14. Chanjo hiyo imetengenezwa kutokana na koti la sukari ambalo Typhi hulivaa juu ya ngozi yake, koti linaloitwa Vi. Ndilo lile lile ambalo mtaalamu wa maabara hulitafuta kwa tone lake anapotaka kumtambua Typhi kati ya jamaa zake. Wengi wa jamaa hao hawalivai: si Enteritidis, si yule wa Zanzibar, wala wa Kisangani. Kwa sababu hiyo mtoto aliyechanjwa analindwa dhidi ya Typhi, lakini akipata homa bado anastahili kupimwa kama mwingine yeyote. Iweke kadi yake ya kliniki karibu, na umwonyeshe daktari siku hiyo.